Upele kwa Wanaotumia Dawa za Kuzuia Damu Kuganda: Lini Usubiri, Lini Ukimbilie Hospitali

Wakazi wa Kaunti ya Wajir wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wanahimizwa kuichunguza ngozi yao mara kwa mara, na kufika katika kituo cha afya wanapoona upele, mabaka au damu iliyovilia chini ya ngozi. Wanahimizwa vilevile wasiache dawa hizo kwa uamuzi wao wenyewe.

Mambo haya mawili ni lazima yaende pamoja. Upele mwingi unaompata mtu anayetumia dawa hizi ni wa kuwasha tu, na huisha baada ya matibabu madogo. Lakini upo wa aina chache unaoashiria kwamba damu inavuja ndani ya mwili au kwamba ngozi yenyewe imeanza kufa. Upande wa pili, mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo anayetupa vidonge vyake kwa sababu ya mwasho anaweza kupata donge la damu kwenye vali hiyo, au kiharusi, muda mfupi baadaye. Anayepuuza alama ya hatari na anayeacha dawa kwa hofu wote wawili wanaweza kupoteza maisha.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitambua alama hizo, hatua za kuchukua, na mambo ya kuepuka.

DAWA HIZI NI ZIPI, NA NANI HUZITUMIA

Wengi huziita dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Kwa kweli haziipunguzi damu uzito. Kazi yake ni kuichelewesha isigande. Zimegawanyika katika makundi matatu:

• Vidonge vya warfarini. Ndivyo vya zamani zaidi na vya bei nafuu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR ili kujua kama dozi inatosha au imezidi.

• Sindano za heparini na enoksaparini. Hutolewa hospitalini, na enoksaparini wakati mwingine mgonjwa huendelea nayo nyumbani. Hudungwa chini ya ngozi, mara nyingi tumboni.

• Vidonge vipya kama vile rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Havihitaji kipimo cha INR. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019.

Kuna pia aspirini na klopidogreli, ambazo huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Hizi hupewa zaidi waliowahi kupata mshtuko wa moyo au aina fulani ya kiharusi.

Wanaozihitaji ni watu wa rika mbalimbali: mama aliyepata donge la damu mguuni baada ya kujifungua, mzee ambaye mapigo ya moyo wake hayaendi sawa, mtu aliyelazwa kwa muda mrefu baada ya kuvunjika mguu, na kijana aliyebadilishiwa vali ya moyo. Hao wa mwisho mara nyingi waliharibikiwa na vali kutokana na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa. Mwenye vali ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote. Vidonge vile vipya havimfai.

DAWA ILIYOGUNDULIWA KUPITIA MIFUGO

Huenda wakazi wamesikia ikisemwa kwamba warfarini ni sumu ya panya. Maneno hayo yamewafanya baadhi ya watu kuiogopa, hasa wanapoona kipele cha kwanza. Ni vyema kujua chanzo chake.

Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa ajabu. Mnyama aliyekatwa pembe au kuhasiwa alivuja damu hadi kufa. Madaktari wa mifugo waligundua kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya jamii ya klova yaliyoota ukungu. Mwaka 1933, mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin alifika katika chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Madison akiwa na ng'ombe aliyekufa na chombo kilichojaa damu isiyoganda. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake walifanya utafiti kwa miaka kadhaa hadi wakaipata kemikali iliyokuwa ikisababisha hali hiyo.

Kutokana na kemikali hiyo ilitengenezwa warfarini. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kutibu binadamu. Mwaka uliofuata, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kupata mshtuko wa moyo. Tofauti ya sumu na tiba ni kiasi. Ndiyo sababu dozi hupimwa, na ndiyo sababu mgonjwa hatakiwi kuongeza wala kupunguza kidonge bila kuambiwa.

AINA ZA MABADILIKO YA NGOZI

1. Upele wa mzio

Huu ni upele wa vipele vidogo vinavyowasha, au mabaka yanayoinuka na kuhama kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Dawa yoyote kati ya zilizotajwa inaweza kuuleta, na klopidogreli ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi kwa hilo. Vipele kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza za kutumia dawa mpya. Mabaka ya kuinuka huweza kutokea mapema zaidi, hata ndani ya saa chache baada ya kumeza.

Wakati mwingine kinacholeta mzio si dawa yenyewe bali rangi iliyotiwa kwenye kidonge. Vidonge vya warfarini hupakwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake. Kwa hiyo mgonjwa aende kituoni na pakiti yake, na aeleze kama upele ulianza baada ya kubadilishiwa rangi au kampuni ya kidonge.

2. Damu iliyovilia chini ya ngozi

Hii si mzio, ingawa wengi huiita upele. Huonekana kama vidoa vidogo mfano wa ncha ya sindano, au mabaka makubwa ya rangi ya zambarau au nyeusi. Haiwashi. Huonyesha kwamba damu inavuja kutoka kwenye mishipa midogo.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha. Chukua glasi safi isiyo na rangi, ibonyeze juu ya alama na uangalie kupitia glasi hiyo. Alama ya mzio hufifia inapobonyezwa. Alama ya damu haififii.

Alama moja mahali ulipojigonga ni jambo la kawaida kwa anayetumia dawa hizi. Alama nyingi zinazotokea bila kujigonga, au zinazoendelea kuongezeka, huashiria kwamba huenda dozi imezidi au kuna ugonjwa mwingine.

3. Ngozi kufa

Tatizo hili hutokea mara chache sana, lakini ndilo baya zaidi. Huwapata baadhi ya wanaoanza warfarini, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 10. Huanza kwa maumivu makali sehemu moja, kisha ngozi hubadilika rangi, huvimba, hutoa malengelenge na mwishowe huwa nyeusi. Sehemu zinazoathiriwa zaidi ni zenye mafuta mengi: matiti, mapaja, makalio na tumbo.

Sababu yake inashangaza. Warfarini hupunguza vitu vinavyogandisha damu, lakini hupunguza pia vitu vya asili vinavyozuia damu kuganda. Siku za mwanzo, hivi vya kuzuia hushuka haraka zaidi. Kwa hiyo, kwa muda mfupi, damu inaweza kuganda zaidi badala ya kuganda kidogo, na mishipa midogo ya ngozi ikaziba. Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayeanza na dozi kubwa na kwa aliyezaliwa na upungufu wa vitu hivyo vya kuzuia.

Ndiyo maana mgonjwa mwenye donge la damu huanzishiwa sindano pamoja na vidonge, na sindano huendelea kwa angalau siku 5, hadi kipimo cha INR kifike 2. Anayekatiza sindano siku ya pili kwa sababu anajisikia nafuu, au kwa sababu ya gharama, hujiondolea kinga hiyo. Vivyo hivyo anayemeza vidonge viwili badala ya kimoja ili apone haraka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu hizo za mwili ni za siri. Mama aliyejifungua juzi anaweza kuona haya kumwonyesha mhudumu wa kiume titi au paja lake, akavumilia maumivu hadi ngozi ikawa nyeusi. Kila mgonjwa ana haki ya kuomba kuchunguzwa faraghani na mhudumu wa kike, au kuwa na ndugu yake wa kike chumbani. Asipokuwapo mhudumu wa kike wakati huo, mgonjwa aeleze dalili kwa maneno. Sentensi moja inatosha: "Nimeanza warfarini wiki hii na nina maumivu makali kwenye paja." Mhudumu atajua uzito wa jambo hilo.

4. Vidole vya miguu kuwa vya zambarau

Baadhi ya wagonjwa, kati ya wiki ya 3 na ya 8 baada ya kuanza warfarini, huona vidole vya miguu au pembeni mwa nyayo vikiuma na kugeuka rangi ya zambarau. Hutokana na vipande vidogo vya mafuta kutoka kwenye kuta za mishipa mikubwa kusafiri na kuziba mishipa midogo. Ni nadra, lakini mgonjwa anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo.

5. Mabaka mahali pa sindano

Kivimbe kidogo au alama ya damu mahali ilipopita sindano ya enoksaparini ni kawaida. Lakini baka linalokua, linalouma au linalokuwa jeusi kati ya siku ya 5 na ya 10 linaweza kumaanisha kwamba mwili umeikataa heparini, na chembe sahani zinapungua huku damu ikizidi kuganda. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kudungwa tena sindano hizo hadi daktari amchunguze na kupima damu.

KWENYE NGOZI NYEUSI, WEKUNDU HAUONEKANI WAZI

Maelezo mengi ya dawa husema "ngozi itakuwa nyekundu." Kwa wakazi wengi wa Wajir, wekundu huo hauonekani. Upele wa mzio huweza kuonekana wa kahawia iliyokolea, wa kijivu au wa zambarau, au usionekane kabisa bali uhisiwe kwa mkono. Kwa hiyo:

• Pitisha kiganja juu ya ngozi. Je, ina joto kuliko sehemu ya pembeni? Imekwaruza? Imevimba?

• Angalia viganja, nyayo, ndani ya midomo na ndani ya kope za chini. Vidoa vya damu huonekana upesi zaidi hapo.

• Linganisha upande mmoja wa mwili na mwingine.

• Chunguza mchana, kwenye mwanga wa kutosha. Mwanga wa tochi usiku hudanganya.

• Piga picha kwa simu siku ya kwanza, na nyingine siku inayofuata, ili mhudumu aone kama hali inaenea.

SI KILA UPELE UNATOKANA NA DAWA

Kabla ya kuilaumu dawa, mhudumu ataangalia mambo mengine yanayojulikana vizuri katika eneo hili.

Harara ya joto hutokea kwapani, shingoni na chini ya matiti, hasa miezi ya joto kali. Upele wa wadudu huwasha zaidi usiku na huenea kwa watu wa nyumba moja. Hina nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele ili ikolee haraka inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge yanayofuata umbo la ua lililochorwa, siku kadhaa baada ya harusi au sikukuu. Hina ya kawaida ya majani mara chache huleta tatizo hilo.

Surua, inayojulikana kwa Kisomali kama jadeeco, huja na homa, mafua na macho mekundu kabla ya vipele kuanzia usoni kushuka chini. Mtu mwenye dalili hizi hatakiwi kukaa kwenye foleni pamoja na wengine. Amwambie mhudumu mlangoni.

Zipo pia homa zinazosababisha kuvuja damu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo iliripotiwa Wajir mwaka 2018, huambukizwa kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa, kunywa maziwa mabichi yake, au kuumwa na mbu. Dengi nayo huletwa na mbu na huweza kushusha chembe sahani. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akipata mojawapo ya homa hizi, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Ukiwa na homa pamoja na alama za damu kwenye ngozi, mweleze mhudumu kama umechinja mnyama mgonjwa, kama mifugo yako imetupa mimba, au kama umekunywa maziwa yasiyochemshwa.

Mwisho, huenda lawama ni ya dawa nyingine. Septrin, ambayo hutumiwa sana kwa maambukizi mbalimbali, inaweza kuleta upele, na mara chache upele mbaya unaobabua ngozi na kutoa vidonda mdomoni na machoni. Tena Septrin huongeza nguvu ya warfarini mwilini, hivyo mtu mmoja anaweza kupata upele na kuvuja damu kwa pamoja. Flagyl na flukonazoli pia huongeza nguvu hiyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume na kuipunguza. Kila unapoandikiwa au kununua dawa yoyote, taja kwanza kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

HATUA ZA KUCHUKUA

Nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukiona:

• Uso, midomo au ulimi kuvimba, au kupumua kwa shida.
• Ngozi yenye maumivu makali inayogeuka zambarau au nyeusi, au malengelenge yenye damu.
• Vidonda mdomoni au machoni pamoja na ngozi kubabuka.
• Alama nyingi za damu pamoja na kutoka damu puani au kwenye ufizi isiyokoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami au kutapika damu.
• Kichwa kuuma ghafla na vikali, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au kushindwa kuongea.

Katika hali hizi usimeze kidonge kingine wala kudungwa sindano nyingine kabla ya kuonwa na mhudumu. Lakini ni lazima uonwe siku hiyo hiyo. Kusitisha dawa na kubaki nyumbani si tiba.

Fika kituoni ndani ya siku moja ukiona:

• Vipele au mabaka yanayowasha bila dalili zozote za hapo juu.
• Alama za damu zinazoongezeka bila kujigonga.
• Baka linalokua mahali pa sindano. Usidungwe nyingine kabla ya kuonwa.

Kwa upele wa kuwasha tu, endelea na vidonge vyako hadi uonwe. Mhudumu anaweza kukupa dawa ya mzio, kama setirizini, na kuamua kama dawa ibadilishwe.

MAMBO YA KUEPUKA

• Usiache dawa kwa ushauri wa jirani au muuza duka.

• Usinunue diklofenaki, ibuprofeni au aspirini ya kupunguza maumivu. Zikichanganyika na dawa hizi, huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Kwa maumivu madogo, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi.

• Usikubali kudungwa sindano ya msuli ya kuondoa mwasho. Damu inaweza kuvilia ndani ya msuli. Mwambie anayekudunga kuwa unatumia dawa hizi.

• Usipigwe chuku wala kuchomwa kwa moto ili kuondoa upele. Chale za chuku zinaweza kukataa kuacha kutoa damu, na majeraha ya moto huficha alama ambazo daktari angezitambua.

• Usipake krimu za duka zisizo na maelezo. Nyingi zina dawa kali zinazobadilisha sura ya upele bila kuuponya.

• Usianze dawa za miti shamba, habasoda, malmal, au tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, bila kumweleza mhudumu. Kiasi cha kawaida kwenye chakula si tatizo.

MHUDUMU ATAFANYA NINI

Atauliza dawa ilianza lini, upele ulianza lini na wapi, na dawa nyingine zote unazotumia. Atachunguza ngozi, mdomo na macho. Anaweza kuagiza kipimo cha INR na hesabu kamili ya damu. Kwa wengi wanaotumia warfarini, INR inayotakiwa ni kati ya 2 na 3. Wenye baadhi ya vali za chuma huhitaji kuwa juu kidogo. INR ikiwa imezidi, dozi hupunguzwa au kusitishwa kwa muda, na vitamini K huweza kutolewa kupunguza nguvu ya dawa.

Zahanati isiyo na vipimo hivi itampa mgonjwa rufaa kwenda hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Wajir. Mgonjwa aombe barua ya rufaa yenye jina la dawa, dozi na siku aliyoanza. Ikithibitika kwamba dawa fulani inamdhuru, aandikiwe kwenye kadi yake jina la dawa hiyo, ili asipewe tena mahali pengine.

Ufuatiliaji wa namna hii huwezekana hata nje ya miji mikuu. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, wafamasia wamekuwa wakiendesha kliniki ya wagonjwa wa dawa hizi kwa zaidi ya miaka kumi, wakipima INR na kurekebisha dozi.

KWA WANAOISHI MBALI NA WANAOHAMA NA MIFUGO

Wajir ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 55,000 na wakazi 781,263 kwa mujibu wa sensa ya 2019. Wengi huhama kufuata maji na malisho, na huenda siku ya kipimo ikafika familia ikiwa mbali. Mambo yafuatayo husaidia:

• Anayeanza warfarini abaki karibu na hospitali kwa wiki mbili za kwanza ikiwezekana. Huo ndio muda ambao dozi hurekebishwa na ambao alama mbaya za ngozi hutokea zaidi.

• Abebe karatasi yenye jina la dawa, dozi na matokeo ya mwisho ya INR, ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Mtu wa pili katika familia ajue ilipo.

• Kabla ya kuhama, apate vidonge vya kutosha na aulize kituo gani kilicho njiani kinaweza kumsaidia.

• Vidonge vikae kivulini, ndani ya pakiti yake. Visiachwe juani wala kwenye dashibodi ya gari.

• Mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lake ajulishwe kwamba yupo mgonjwa wa aina hii.

Chakula nacho kina nafasi yake. Sukuma wiki, mchicha na kabichi vina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Anayekula nyama, wali na maziwa tu nyumbani, kisha akala mboga kila siku anapokaa Nairobi, anaweza kuona INR ikishuka. Mboga hazikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kisichobadilika sana.

Gharama isimzuie mtu kufika. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Usajili wenyewe ni bure.

RIPOTI MADHARA YA DAWA

Kila athari mbaya ya dawa inafaa kuripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, taasisi ya kitaifa inayosimamia usalama wa dawa. Mhudumu wa afya au mfamasia atakusaidia kujaza fomu. Mgonjwa pia ana haki ya kuripoti mwenyewe. Tangu mwaka 2010, Kenya ni mwanachama wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, ambao kituo chake kiko Uppsala nchini Sweden. Ripoti ya mtu mmoja kutoka Bute au Habaswein inaweza kusaidia kugundua dawa mbovu kabla haijafika kwa wengine.

Hifadhi pakiti. Namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo inayowezesha uchunguzi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, upele ukitokea, dawa hiyo imenishinda kabisa?
La. Wengi huendelea na dawa ile ile baada ya upele kutibiwa. Wengine hubadilishiwa. Kwa mwenye vali ya chuma, uamuzi wa kubadilisha hufanywa na daktari wa moyo kwa sababu dawa mbadala ni chache.

Mimi ni mjamzito na ninatumia warfarini. Nifanye nini?
Nenda kliniki mara tu unapojua una mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Usiiache mwenyewe. Daktari ataamua kama utumie sindano badala yake.

Je, ninaweza kunyonyesha nikitumia warfarini?
Ndiyo, warfarini inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Kwa vidonge vipya, muulize daktari kwanza.

Nifanyeje mwezi wa Ramadhani?
Warfarini humezwa mara moja kwa siku, na wengi huimeza jioni. Inaweza kumezwa baada ya kufuturu, saa ile ile kila siku. Kwa dawa za mara mbili kwa siku, panga saa na mhudumu kabla ya mwezi kuanza.

Nimesahau kidonge cha jana. Nimeze viwili leo?
Hapana. Meza dozi yako ya kawaida ya leo na uandike siku uliyosahau, ili umweleze mhudumu utakapopimwa.

Mtoto amemeza vidonge vyangu. Nisubiri dalili?
Usisubiri. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na pakiti. Warfarini huchukua siku moja au mbili kabla ya kuonyesha athari, na tiba hufaa zaidi ikianza mapema.